Ame Mkavu

Wingwi kuna watu wawili waitwao Ame. Wote wawili huvaa kanzu moja, hulala kitanda kimoja, na wote wawili humwita Mwatum mke wangu.

Wa kwanza ni Ame mkavu. Huyu ni kitu kidogo cha mtu, mabega kayakunja kama mwenye kusikia baridi. Ukimwamkia hukuitikia baada ya kufikiri, na ukimuuliza habari za minazi atakwambia, "Minazi ipo," basi, mazungumzo yameshazikwa. Wa pili ni Ame aliyekwisha kupata kata mbili tatu za tembo la mnazi. Huyo ana kimo. Huyo akipita njiani hata majogoo hunyamaza kusikiliza atasema nini. Huyo ndiye aliyekuwa juu ya mnazi siku ya tufani ile kubwa, upepo ukaupiga mnazi, mnazi ukainama, ukainama, ukavuka bahari, kilele kikatua Tanga sokoni. Ame akashuka, akasalimia watu, akaagiza kahawa. Hajaimaliza, upepo ukakatika. Akauwahi mnazi ukiwa ndio kwanza unainuka, akarejea Wingwi na kikombe mkononi. Mwenye kubisha huletewa kikombe akakikagua.

Mkwezi alikuwa kweli, hilo si la kubuni. Miaka arubaini alikwea minazi ya watu kwa kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, na magoti yake yalikuwa meusi na magumu kama kifuu. Lakini hakuna aliyemjia barazani kwa ajili ya magoti. Walimjia kwa sababu ya yule wa pili, na Ame mwenyewe alikubaliana nao. Yule wa pili ndiye yeye hasa. Mkavu alikuwa mshika nafasi tu, wa kuikalia mpaka tembo lifike.

Mlevi hakuwa, kwa hesabu yake. Mlevi ni yule anayelala mtaroni watu wakamruka wakienda sala ya Alfajiri. Yeye alikunywa kwa adabu, ndani ya chupa ya chai, na baada ya kila funda alitafuna karafuu nne au tano mpaka mdomo ukafa ganzi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia neno. Ame akajua kuwa hakuna ajuaye.

Basi akaposwa binti yake, Rahila. Watu wa bwana harusi walikuja kutoka Mgogoni, wazee saba wamekaa mkekani hawana la kusema, na posa ikaanza kupoa kama uji. Ame akaingia ndani mara moja, akajimiminia "chai," akatoka nje akawapeleka wote saba mpaka Tanga na kuwarejesha. Babu wa bwana harusi, Mzee Khatib, kizee kisichosikia mpaka upige kelele, alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Nyumba hii tunaoa!" alisema. "Hata binti angekuwa na jicho moja tunaoa!" Binti alikuwa na macho mawili, tena mazuri, lakini Ame alibaki na imani kwamba ndoa ile imefungwa na chupa ya chai.

Rahila alikuwa na ombi moja tu. Alilisema jikoni, anakuna nazi, hakumtazama baba yake.

"Baba, shoga yangu Yumna aliozeshwa na shehe. Babaake kakaa pembeni kama mgeni mwalikwa. Mie nataka uniozeshe weye kwa mdomo wako."

"Na nani mwengine, mwanangu? Mdomo huu utakuwa na kazi gani?"

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, Shehe Hafidh alisomesha darsa baada ya Alasiri. Alifungua kitabu, akasoma sharti za walii, yule mwenye haki ya kumuozesha mwanamke. Awe Muislamu. Awe na akili zake. Awe mwadilifu.

"Mwadilifu ndio nini?" Shehe aliuliza, akajijibu. "Asiwe mtu wa kudumu katika maasi. Tuseme mtu anakunywa. Huyo uwalii wake umeanguka, unahamia kwa aliye karibu naye, ndugu yake kwa mfano. Akikamia akaozesha yeye, basi ndoa hiyo ina maneno."

Hakufafanua ni maneno gani. Wasikilizaji wote waliyatazama magoti yao. Ame alidhani wamechoka.

Njiani alikwenda polepole. Hakuna atakayenizuia, alijiambia, maana hakuna ajuaye. Nitashika mkono wa kijana, nitasema, watu watakula biriani. Lakini Rahila atakwenda Mgogoni na ndoa yenye maneno. Atazaa watoto, na watoto nao watakuwa na maneno, na yeye hatajua, na babaake atajua. Angeweza kumwakilisha Shehe, aozeshe kwa niaba yake, mababa wengi hufanya hivyo, si aibu. Lakini Rahila alikuwa ameshasema lake. Angeweza kumwachia mdogo wake, Badar, mwenye duka Konde. Na Badar akiuliza kwa nini?

Alipofika nyumbani aliimwaga chupa ya chai kwenye mgomba. Mwatum alikuwa anaanua nguo. Aliona, akaendelea kuanua nguo.

Siku ya kwanza si kitu, hata ya pili alijikaza. Siku ya tatu mikono ilianza kutetemeka, na ndiyo siku aliyotakiwa kuangusha nazi za harusi. Mnazi aliouzoea, wenye ngazi alizozichonga mwenyewe ujanani, uliota urefu mwengine. Alipofika kileleni aliukumbatia kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyebebwa, jasho linamtoka, panga limo kiunoni na mkono hauthubutu kulifuata. Alitazama huku na huku. Tanga haikuonekana. Lilionekana paa la bati la Badar, na mbuzi.

"Ame!" Jabir mgema aliita kutoka chini. Jabir ndiye aliyekuwa akimtilia tembo tangu wote wawili wana meno kamili. "Umelala huko juu?"

"Napumzika!"

"Mkwezi gani anapumzika juu? Watu hupumzika chini, ndiyo maana kukawekwa chini!"

Akaangusha nazi kumi na mbili badala ya arubaini, akateremka kwa tumbo. Jabir alikuwa na dumu lake, kalifunika kwa jani.

"Chukua moja, yakhe. Miguu inakuchezea kama ya ndama."

"Sitaki."

"Hutaki! Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepumzika."

"Tena kupumzika." Jabir alimtazama kwa huruma ya kweli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. "Ame mkavu, yakhe, ni kama mchuzi wa maji. Unajua hilo? Nakwambia mie rafiki yako."

Alijua. Jioni watu walikaa barazani wakimsubiri. Walianza kumchokoza kama wanavyochokoza moto. "Ame, hebu tuambie, ile kahawa ya Tanga ilikuwa na tangawizi?" Ame alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, aliyajua yote, lakini yalikuwa kama nguo za mtu mwengine: yakivaliwa yanapwaya. "Ilikuwa nayo," alisema. Wakangoja. Mmoja akakohoa. Mwengine akakumbuka kuwa ana ng'ombe hajamfunga. Jioni ya pili walikuja watatu. Jioni ya tatu alikaa peke yake, na ukimya ule aliusikia masikioni kama nzi.

Ndani, Mwatum alimwekea uji wa mtama, akamwekea na kijiko badala ya bakuli la kunywea moja kwa moja, kisha akaona kijiko kinavyogonga meno, akakiondoa, akamletea bakuli. Miaka thelathini wameoana. Ame alishukuru kuwa mke wake hajui lolote.

Siku ya saba Rahila alimjia na simu, anacheka.

"Baba, hujajiona weye! Mgogoni nzima wanayo video yako. Wifi kanitumia."

Alikuwa hajawahi kujiona. Alikuwa amejisikia tu, kwa ndani, ambako sauti yake ni ya zumari na mkono wake ukiinuliwa unafika mapaani. Kwenye kioo cha simu aliona baraza lake mwenyewe, na katikati yake kizee kifupi, kanzu imefunguka vifungo, macho mekundu yenye maji, na pembe ya mdomo kuna povu. Kile kizee kilikuwa kinasema "mnazi ukainama," kinainama nacho, kinapepesuka, mtu anakishika. Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Lakini Ame, mtaalamu wa vicheko, mtu anayejua sekunde ya kuanguka kila kicheko, alisikia kitu. Walikuwa wameanza kucheka kabla. Kabla ya Tanga, kabla ya kahawa. Walikuwa wanacheka tangu alipokuwa anasimama.

"Nzuri, si nzuri?" Rahila aliuliza.

"Nzuri," alisema Ame.

Kiu iliyomshika hapo hakuwahi kuiona. Kiu zote za nyuma zilikuwa za kutaka kuwa yule mtu. Hii ilikuwa ya kutaka kutomuona. Alikaa nayo siku nzima kama mtu aliyekaa na mgeni mbaya, anamkarimu ili asipige kelele. Siku ya nane ikapita. Ya tisa ikapita, haikuaga.

Siku ya kumi, asubuhi, akenda kwa Jabir.

Jabir hakuuliza. Alikung'uta kata, akaichota, akampa. Tembo la asubuhi, jeupe, bado linachemka kwa povu.

"Ndio weye sasa," alisema. "Watu tulishaingia hofu. Kesho msikiti utajaa, Mgogoni wanakuja gari tatu, na wote wanakuja kukuona weye, si bwana harusi. Bwana harusi wanae kwao kila siku. Tunakutaka Ame yule."

Ame aliishika kata. Mkono ulitulia, hata kabla ya kuonja. Mikono ina akili zake. Akaiinua mpaka puani. Kesho angekuwa na kimo. Kesho angesema maneno ya ndoa kwa sauti ya zumari, kisha angetoka nje awapandishe watu wa gari tatu kwenye mnazi mmoja, awavushe bahari, awape kahawa wote, awarejeshe, na keshokutwa tena, na mtondo tena.

Akahisi kuchoka. Si ucha Mungu uliomjia pale, wala si ushujaa, maana hakuwa na kimojawapo cha kutosha. Alichoka tu. Kumbeba yule mtu kila jioni, kumsimamisha, kumpeleka Tanga na kumrejesha salama, kulimchosha kuliko minazi yote aliyoikwea. Aliiteremsha kata akaiweka chini, taratibu isimwagike, kwa heshima ya mwenye mali.

"Kesho, inshaallah," alisema.

"Kesho nini?"

"Kesho atakuja atakayekuja."

Jabir aliinywa mwenyewe, akatikisa kichwa.

Asubuhi ya ndoa Ame aliamka na jino. Gego la chini, lililooza tangu zamani. Tembo lilikuwa likilitia ganzi siku zote, sasa limekaa siku kumi halijapewa dawa yake, limekasirika. Shavu lilimvimba. Akafanya kama afanyavyo kila Mpemba mwenye jino bovu: akatwaa karafuu, akazitia kwenye tundu la jino, akazibana. Akavaa kanzu mpya, akajifukiza udi, akenda msikitini mapema.

Baada ya Alasiri msikiti ulijaa mpaka nje. Mbele alikaa Shehe Hafidh, kushoto kwake Ahmada, bwana harusi, kijana mpole aliyekuwa anatokwa na jasho ndani ya joho, kulia Ame, na karibu na Ame ndugu yake Badar. Nyuma ya Ahmada alikaa babu yake, Mzee Khatib, mkono nyuma ya sikio, ijapokuwa hakujasemwa kitu.

Ame aliiweka mikono yake juu ya mapaja. Ikacheza. Akaikalia. Akatabasamu kwa watu wa Mgogoni, na kwa sababu ya shavu tabasamu likaenda upande mmoja. Badar aligeuka kumwambia jambo, akanusa. Kisha akainama kwa Shehe, na Shehe akainama kwa Ame.

"Ame, ndugu yangu," Shehe alisema kwa sauti ya chini sana. "Mwakilishe Badar. Dakika moja tu, tena hakuna aibu."

"Kwa nini?"

"Usinisemeshe."

"Kwa nini, Shehe?"

Shehe alifumba macho. "Karafuu, Ame."

"Karafuu imefanyaje?"

"Inanuka."

"Si ya jino?"

"Miaka ishirini na tano unaumwa na jino?" alisema Badar, bila ya kugeuza uso.

Ame aliwatazama. Jambo lilikuwa linamfikia polepole, kama maji yanayopanda mchangani.

"Kwani mnajua?"

"Ame," Shehe alisema, na alisema kwa upole, "watoto wa chuoni wanajua. Wakikusikia unanuka karafuu husema, Mzee Ame keshakwenda Tanga."

Lo. Basi yule mtu mwenye siri hakuwahi kuwepo. Wamemruka miaka yote wakienda sala ya Alfajiri, ila yeye alikuwa akilala mtaroni akiwa wima.

"Darsa ile," Shehe aliendelea, "nilikusomea weye. Nikangoja uje uniambie. Hukuja, nikazungumza na Badar, awe tayari."

"Nimekuja," alisema Ame. "Leo siku ya kumi na moja sijaonja. Wallahi."

"Na kahawa ya Tanga nayo hukuionja?" alisema Badar.

Mtu aliyesema uongo mtamu kwa miaka yote hiyo, ukweli wake ataupeleka wapi? Mdomo ni ule ule. Alitamani lau angekuwa na kikombe cha kuonyesha. Mikono ilikuwa imetoka chini ya mapaja inacheza mbele ya watu wote, na shavu, na jasho, na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Siku zote alizokuwa amelewa alijiona mzima. Leo, siku moja aliyokuwa mzima, alionekana mlevi wa kuchorwa.

"Kuna nini huko?" Mzee Khatib alipiga kelele. "Mbona hawaozi?"

"Hakuna kitu, babu," Ahmada alimwambia sikioni.

"Nani kalewa?" kizee kilipiga kelele tena, macho yako kwenye mikono ya Ame.

Waliokuwa nje nao walisikia. Hata kipanga angani angesikia. Ahmada aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa joho. Ame aliona, na aliona kuwa hili sasa limekwisha. Atamwakilisha Badar. Rahila ataambiwa jikoni na wanawake, na atacheka ili asilie. Alifungua mdomo aseme, lakini Mzee Khatib alikuwa ameshashika bega la mjukuu wake, ameshasimama, anakuja kwa magoti yanayolia, anapita baina ya watu.

"Nipisheni. Babaake bibi harusi ndiye aliyelewa? Haya, nipumulie."

"Mzee, hapa msikitini..." Shehe alianza.

"Najua ni msikitini, masikio ndiyo mabovu, macho ninayo. Nipumulie, weye!"

Ame akampumulia. Kizee kilifumba macho, kikavuta pumzi kama mtu anayenusa biriani kujua iwapo imeiva. Kikamtaka tena. Kisha kikamshika mikono yote miwili, kikaiinua mbele ya watu icheze vizuri, ionekane.

"Huyu mkavu," alisema, na kwa kuwa hajisikii, alilisema kwa sauti ya adhana. "Ana karafuu na ana jino bovu, mtu amng'oe. Tembo hana. Mie nimekunywa miaka ishirini na mbili, nyie. Mgogoni wenye kulijua hilo wamekufa, na mliopo mlikuwa hamjazaliwa, na nilitaka kufa nalo. Mtetemeko huu naujua. Huu si wa kunywa. Huu wa kuacha. Mie ulinishika hivi hivi, mpaka mke wangu, Mungu amrehemu, akinilisha kwa mkono wake kama ndege." Aliiachia mikono. "Oza, Shehe. Biriani inapoa."

Akarudi kukaa. Ahmada alikuwa anamtazama babu yake kama mtu aliyeona chumba nyumbani kwao ambacho hakukijua. Watu wa Mgogoni walitazama mkeka. Na Ame, aliyejua bei ya jina kuliko mtu yeyote mle ndani, aliona kile kizee kilivyokaa kimepungua, mkono umerudi nyuma ya sikio, hakuna cha kusikia.

Shehe Hafidh alijisafisha koo mara mbili. "Tuleteni istighfari sote," alisema. "Sote. Hakuna asiye na haja nayo." Wakaileta mara tatu. Badar aliileta kwa sauti zaidi ya wengine, hakumtazama kaka yake, lakini alisogea kidogo, akampa nafasi.

Ame akaushika mkono wa Ahmada. Mkono wa kijana nao ulikuwa unatetemeka, ikawa haijulikani nani anamtetemesha nani.

"Ni... nimekuozesha," alisema Ame, na ulimi ukakwama pale, ukakataa. Sauti haikuwa ya zumari. Ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Taratibu," alisema Shehe. "Anza upya."

"Nimekuozesha binti yangu Mwatum..."

Mkewe! Siku nyengine yoyote msikiti ungebomoka kwa vicheko, na angekula kicheko hicho mwezi mzima. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamngoja tu, wote, kama watu wanavyomngoja mtoto anayejifunza kwenda. Hakuwahi kungojwa hivyo. Akavuta pumzi, jino likampiga mpaka sikioni.

"Nimekuozesha binti yangu Rahila kwa mahari tuliyoafikiana."

"Nimekubali kumuoa Rahila kwa mahari hayo," alisema Ahmada mara moja, kabla haijaharibika.

Ikaombwa dua. Ikaliwa halua, ikanywewa kahawa. Nje watu wa gari tatu walimzunguka Ame wakisubiri, wengine simu ziko mkononi tayari. "Mzee, kile kikombe! Leo si ndio siku yake!"

"Leo sina," alisema Ame.

Wakacheka kidogo, wakidhani ndio mwanzo. Wakangoja. Ame alisimama mbele yao na mabega yake yaliyokunjika, hana cha kuongeza, akawaachia wamtazame mpaka watosheke. Simu zikashuka moja moja. Mtu akasema biriani inapakuliwa, wakaondoka. Akapita njia ya nyuma, ya migombani, mpaka nyumbani, akaingia ghalani palipowekwa nazi na magunia ya mchele, akajilaza juu ya jamvi na kanzu yake mpya. Mwili wote ulikuwa unamlilia usingizi, kila kidole na usingizi wake.

Hakujua muda gani umepita mlango ulipofunguliwa. Kwanza iliingia harufu ya asumini, kisha Rahila mwenyewe, kavaa vazi la harusi, mikono imepambwa hina mpaka viwikoni, nyuma yake wanawake wanaita haraka, haraka, gari inangoja.

"Baba? Watu wanakutafuta. Wanasema umekwenda kwa Jabir."

"Nipo."

Aliinama karibu naye. Ame alijua anamnusa, na hakugeuza uso.

"Ndoa yako haina maneno," alimwambia.

"Maneno gani, baba?"

"Hayamo. Nenda, mama, watu wasikungoje."

Alimshika mkono mmoja, akautazama unavyocheza, akaubana baina ya viganja vyake vya hina mpaka ukatulia kidogo. Kisha wanawake wakamchukua. Vigelegele vikapanda, gari zikawaka, zikaondoka navyo.

Wanaume walibaki uani na masufuria. Kupitia ukuta wa ghala Ame aliisikia sauti ya Jabir, imepanda, imepata kata zake.

"Mimi nilikuwa mlangoni, nimeona kwa macho haya! Ame kavuta pumzi, kavuta, mpaka mapazia ya msikiti yakaja kwake. Kisha akampumulia Mzee Khatib. Puuu! Karafuu ile ikatoka kwa dirisha, ikapita juu ya mashamba, ikafika Konde. Watu wa Konde wakasema, lo, msimu huo! Wakatoka na majamvi kuianika!"

Wakacheka. Mtu akauliza, na yeye mwenyewe yuko wapi sasa?

"Atakuwa wapi? Kesha kunywa kalala! Mimi sikumpa mwenyewe jana asubuhi?"

Si kweli, alifikiri Ame, na pia si mahali pake katika kisa. Hapo angengoja kidogo, angewaacha watu wa Konde waanike, wageuze, waanike tena, ndipo aendelee. Angeweza kutoka akawaambia. Mlango ulikuwa hatua tatu. Aliupima umbali ule kama anavyopima mnazi, akaona ni mrefu. Jabir alikuwa ameanza kuzitia karafuu za Konde kwenye magunia, na ndani ya gunia moja kulikuwa na mtu. Kisa hakikuwa kibaya. Ame aligeukia upande usio na jino, na kabla hakijajulikana ni nani aliyemo guniani, akalala.